Aya ya Nne

Baba mdogo wangu Othmar alikuwa na kazi mbili maishani. Ya kwanza ilikuwa ukarani wa ghala la kahawa la ushirika, na ya pili, ambayo hakulipwa hata senti, ilikuwa kusoma risala. Ile ya kwanza iliondoka na nyakati. Ile ya pili niliiua mimi, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwetu ni njia ya Mpepai, ng'ambo ya mto, kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama huuliza watu wanalimaje bila kuporomoka. Tunalima ngolo, yale mashimo yanayopangwa mlimani safu kwa safu ili mvua isibebe udongo, na pembeni kuna kahawa. Mgeni mkubwa akifika, awe mkuu wa wilaya au askofu, lazima asomewe risala. Kwa miaka zaidi ya ishirini msomaji alikuwa mmoja tu. Alivaa suti yake ya kaki ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, akasimama wima na kuanza: "Mheshimiwa, moja." Akimaliza ananyamaza kidogo, watu wanapiga makofi, kisha: "Mbili." Namba alizitamka kwa sauti ile ile aliyotumia zamani kuita uzito wa magunia. Watani walimwita Mzee Aya, naye alijifanya amekasirika.

Risala haikuwa mali yake, na hapo ndipo watu wa mjini hawaelewi. Ukoo wetu ulikuwa bado unakula sengu. Jioni wanaume na watoto walikutana uwanjani kwa mkubwa wa ukoo, kila nyumba ikaleta chakula chake, watu wakala pamoja na kuzungumza yaliyowasibu. Risala ikishaandikwa, Baba mdogo aliisoma hapo jioni tatu mfululizo, na koo nyingine zilikuja kusikiliza. Mwenye neno aliliongeza. Kina mama walisikiliza wakiwa jikoni, na hawakuona haya kupaza sauti kwamba hapo umekosea, Mzee Aya, ng'ombe waliokufa walikuwa watano si wanne. Ikifika jioni ya tatu, hata mtoto wa darasa la pili angeweza kuisema yote kwa kichwa.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Othmar alinichukua, akanilea pamoja na binti yake Margareta, na kahawa ikanisomesha. Siku hizo kijiji chetu kilikuwa na sura ya mji mdogo. Lori la ushirika lilipita mara mbili kwa wiki wakati wa msimu, na kwa kuwa lilipita, barabara ilifyekwa na daraja lilitazamwa. Kulikuwa na maduka matatu, mafundi cherehani wawili na mama mmoja wa chai na maandazi. Wanawake wa Lituhi walipanda kutoka ziwani na vikapu vya samaki wakavu, wakalala kwa Mama mdogo Albina siku mbili tatu mpaka wamalize kuuza. Nyumba nzima ilinuka samaki na hakuna aliyelalamika.

Kisha likaja soko huria. Sisemi ushirika ulikuwa malaika. Baba mdogo mwenyewe alijua madudu yake kuliko mtu yeyote. Lakini wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na magari yao madogo, wakasimama upande wa pili wa mto ambako barabara ni nzuri, wakanunua na kuondoka. Ng'ambo kwetu hakuna aliyevuka. Ghala likafungwa, ufunguo ukachukuliwa na watu wa Mbinga mjini. Lori halikupita tena, na kwa kuwa halikupita, hakuna aliyeikumbuka barabara. Masika ya mwaka tisini na tano daraja likaenda na maji. Maduka mawili yakahamia mjini, mafundi wakafuata, na wanawake wa Lituhi wakawa wanapitiliza na samaki wao mpaka Songea. Baba mdogo aliendelea kuamka kila asubuhi kwenda kufagia kibaraza cha ghala lililofungwa. Alisema popo wanachafua.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar es Salaam, karani katika ofisi ya mfanyabiashara mmoja. Tajiri wangu alikuwa mzaliwa wa mkoa wetu, ingawa tangu ujana alikuja kwao kwa misiba tu. Mwaka huo aliamua kugombea ubunge. Akahitaji mtu wa kumwonyesha njia na kumnong'oneza majina ya wazee, akanichagua. Nilishonesha suti.

Tulifika Mbinga mwezi wa tisa, kiangazi, tukapanga nyumba ya wageni. Kila kijiji kilikuwa kimeleta nakala ya risala yake mapema, kama ilivyo desturi. Jioni moja katibu wa mgombea, bwana mpole aitwaye Edmund, alikuwa anazipitia mezani huku tukila. Akafika kwenye ya kwetu. Niliutambua ule mwandiko wa wino kabla hajaigeuza.

"Hii imeandikwa vizuri sana," akasema. "Ni nani huyu?"

Ningeweza kusema ni baba yangu. Nilisema, "Ni mzee mmoja wa huko."

Edmund akaisoma kwa sauti. Nitaiandika hapa aya ya nne, maana nami ninaijua kwa kichwa:

"Nne. Mheshimiwa, tangu ghala lifungwe lori halipiti, na tangu lori lisipite barabara haina mwenyewe, na daraja limechukuliwa na maji. Masika haya kina mama wawili wamefia ukingoni mwa mto wakiwa kwenye machela, wakingoja maji yapungue ili wafikishwe hospitali. Majina yao ni Restituta na Tadea. Kahawa tutaibeba kichwani, tumeshazoea. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja mto. Tunaomba daraja, na tunaomba tuambiwe leo, kabla ya kura, kama litajengwa au halitajengwa."

Dereva wetu, kijana wa mjini, akacheka. "Kumbe bado kuna watu wanabebwa kwa machela?" Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliochoka na safari. Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wao, ili isionekane kwamba ni kwetu. Restituta nilisoma naye darasa moja.

Edmund hakucheka. Aliiweka risala kwenye rundo na kuchukua nyingine. Hakusema iondolewe, na mgombea alikuwa ameshakwenda kulala. Lakini mimi sikupata usingizi. Niliwaza waandishi wa redio wakiwa wamesimama kwetu, na machela ikitajwa, na dereva akinitazama na kugundua. Watu husema woga unamfanya mtu afanye mabaya. Kwangu haukuwa woga. Niliona aibu ya kwetu, basi.

Kesho yake mchana niliomba gari niliendeshe mwenyewe, nikasema nakwenda kuandaa mapokezi. Maji yalikuwa yamepungua mno, gari likavuka juu ya mawe bila shida. Nilimkuta Baba mdogo kibarazani. Mama mdogo Albina alikuwa jikoni akipepeta maharage.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mjini kuna chakula."

Tulisalimiana kwa kirefu, habari za wanangu, habari za safari. Kisha nikatoa mfukoni ile nakala, niliyoichomoa kwenye rundo la Edmund.

"Ni hii aya ya nne," nikasema. "Naomba iondolewe."

Akavaa miwani, akaisoma taratibu kana kwamba kaandika mtu mwingine. "Ina kosa gani?"

"Haina kosa."

"Sasa kama haina kosa, inaondolewa kwa nini?"

"Redio itakuwepo, Baba mdogo. Mgombea ataaibika mbele ya watu."

"Ataaibikaje kwa daraja lililovunjika yeye hayupo? Afurahi kuambiwa mapema." Akaikunja karatasi. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Wamekutuma, au umejituma?"

Nimeyapima maneno yale mara nyingi. Alinipa mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi.

"Wamenituma," nikasema. "Wamesema nisipoiondoa, nisirudi ofisini."

Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyetaja ofisi. Nilimwangalia mtu aliyenisomesha, nikamdanganya usoni, na sauti yangu haikutetemeka.

Jikoni ungo ulinyamaza. Baba mdogo alipapasa zile kalamu zake mfukoni.

"Watu wameisikia jioni tatu," akasema. "Wanaijua."

"Wataelewa."

"Wataelewa nini?"

Akaniuliza, "Wanao sasa ni wangapi?"

"Wawili."

"Haya."

Aliingia ndani akatoka na rula na ile risala yenyewe. Akapiga mstari mmoja wa wino kukatisha aya ya nne, mstari ulionyooka, kama alivyokuwa akifuta kosa kwenye daftari la ghala. Nikamwambia basi abadilishe na namba, ya tano iwe ya nne, isionekane pengo.

"Hilo usiniombe," akasema, akafunga kalamu.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Watu walikuwa wametoka mpaka Mbuji kuja kumwona mgombea. Mimi nilikaa jukwaani, nyuma yake, suti imenibana kwapani. Baba mdogo alisimama na suti yake ya kaki iliyopaushwa na kufuliwa. Akasoma moja, makofi. Akasoma mbili, makofi. Ya tatu ilihusu madawati ya shule.

Karibu na mlingoti wa bendera alisimama Ignatio, mume wa marehemu Restituta. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Ya tatu ilipokaribia mwisho, alivua kofia, akaishika kifuani. Nilielewa alichokuwa akifanya. Alikuwa anajiandaa kusikia jina la mkewe likitajwa mbele ya mgeni mkubwa.

Makofi yakaisha. Baba mdogo akanyamaza, kimya kirefu kuliko kawaida yake. Watoto waliokaa chini mbele yangu, nikaona midomo yao imeshaanza kusema nne.

"Tano," akasoma.

Hakuna aliyeguna. Kimya tu kilipita uwanjani kutoka mbele mpaka nyuma, na vichwa vikageuka kutazamana. Ignatio alibaki na kofia kifuani mpaka mstari wa pili wa ya tano, labda akidhani mzee amekosea na atarudi. Kisha akaivaa, akapita katikati ya watu bila haraka, akaenda zake. Ya tano haikupigiwa makofi ila na sisi wa jukwaani. Mgombea hakutambua pengo lolote. Aliposimama kujibu alisema amepita vijiji vingi na kote amekuta malalamiko, lakini hapa amesomewa risala ya watu wazima. Redio ikalitangaza hilo jioni. Nililisikia tukiwa mezani, dereva akaongeza sauti.

Mgombea alishinda. Kwetu kura zilikuwa chache, lakini huko mijini na vijiji vya barabara kuu zilitosha. Mimi nilipandishwa cheo kidogo, si kwa ajili ya risala, kwa kuwa hakuna aliyejua habari za risala. Nilipandishwa kwa sababu nilivumilia safari.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata nikapata barua ya Baba mdogo. Alikuwa na mazoea ya kuweka namba hata kwenye barua: moja hatujambo, mbili mvua, tatu shamba. Hiyo haikuwa na namba. Aliandika kwamba dada yangu Margareta alishikwa uchungu alfajiri, wakambeba kwa machela, wakakuta mto umejaa. Walingoja ukingoni mpaka saa tisa mchana. Mtoto alizaliwa pale pale kwenye majani, wa kiume, na hakuishi. Mama yake yu mzima lakini hazungumzi sana. Wasalimie wanao.

Hakukuwa na neno jingine. Nilitafuta lawama katika ile karatasi, mbele na nyuma, kwa kuwa lawama ingenisaidia. Kisha nikaikunja nikaenda kazini. Nilituma kitenge kwa Margareta na barua ya pole, yenye maneno mazuri. Kuandika nilifundishwa vizuri.

Baba mdogo hakusoma risala tena. Wageni walikuja, wazee wakamfuata, yeye akasema koo inamsumbua. Mwalimu wa shule akachukua kazi hiyo, akapiga chapa risala za ukurasa mmoja ambazo hakuna aliyezisikia kabla ya siku yenyewe. Nilipokwenda likizo nilisikia vijana wakisema Mzee Aya alinunuliwa na watu wa mjini. Walisema mbele yangu, na mimi nilikuwa nakula. Sikuinua kichwa. Nilidhani yeye peke yake ndiye aliyejua, na kwa kuwa alinyamaza, kimya chake kilinifaa. Kila nilipofika sengu walininawisha mimi kwanza, kama mgeni wa heshima, nami nikakinga mikono.

Alifariki mwaka elfu mbili na nne, kiangazi, na hiyo nayo ilikuwa huruma yake, maana magari ya wafiwa yalivuka. Daraja lilikuwa bado. Tulimzika nyuma ya nyumba, juu ya ngolo za maharage za Mama mdogo. Kabla ya jeneza kushushwa, Margareta alinifuata na daftari. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Wasifu wake," akasema. "Kaandika mwenyewe. Alisema usome wewe, kaka."

Nilisimama mbele ya watu nikalifungua. Ule mwandiko ulikuwa umetetemeka kidogo, lakini mistari ilinyooka.

"Moja," nikasoma. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, wazazi wake fulani. "Mbili." Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, akapata kipaimara. "Tatu." Alifanya kazi ya ukarani wa ghala mpaka lilipofungwa, na baada ya hapo aliendelea kulifagia. Watu wakacheka kidogo kwa machozi, na mimi nikacheka. Jicho langu likashuka kwenye mstari unaofuata.

Namba iliyoandikwa pale ilikuwa tano. Chini yake kulikuwa na maneno ya ugonjwa wake wa kifua na nafasi ya tarehe ya kufa, ambayo aliiacha wazi ijazwe. Baba mdogo hakuwa mtu wa kukosea namba.

Nilinyamaza. Watu nao walinyamaza, na nilikitambua kile kimya. Ignatio alikuwepo, mzee sasa, kofia mkononi. Nikasema kabla sijapata muda wa kufikiri:

"Ya nne haipo. Mwaka ule wa uchaguzi, aya ya nne niliiondoa mimi."

Nilingoja kelele. Nilizitaka. Margareta alikuwa amemshika mama yake mkono, upande wa pili wa kaburi. Alinijibu kwa upole, kama anayemtuliza mtoto aliyeota vibaya.

"Tunajua, kaka. Mama alikuwa jikoni, alisikia yote. Walikulazimisha, ungepoteza kazi, na wanao walikuwa wadogo. Baba alituambia tusije tukakukumbusha, utaumia." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Endelea na ya tano."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ignatio naye aliitikia. Miaka tisa walikuwa wakininawisha mikono wakinihurumia kwa jambo ambalo halikutokea.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Ilibaki sentensi moja tu, fupi, kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Niliwatazama wote wale walionisamehe, nikamtazama Margareta, kisha nikainamisha macho kwenye daftari.

"Tano," nikasoma.